Andika Mwenyewe, Nitasaini

"Andika mwenyewe, mwanangu. Mimi nitasaini."

Mzee Chenge aliyasema hayo bila kutoa kichwa ndani ya mashine ya kuchemshia vyombo vya upasuaji. Sauti yake ilitoka humo kwenye bati ikiwa na mwangwi, na Sihaba, aliyesimama nyuma yake na bahasha mkononi, akabaki anautazama mgongo wa koti la kazi la bluu lililofifia. Alikuwa amejiandaa kusikia "subiri kidogo". Alikuwa amejiandaa hata kusikia "hapana". Kwa hili hakujiandaa, ingawa, jamani, alipaswa kujua. Katika hospitali ile kila mtu aliandika yake. Ukitaka likizo, unajiandikia barua ya kujiruhusu, mkubwa anasaini. Ukitaka kupanda daraja, unajipima mwenyewe, mkubwa anasaini. Mlinzi wa getini aliwahi kujiandikia karipio, akalipeleka lisainiwe, na likasainiwa.

"Mzee, hii ni barua ya mdhamini," Sihaba alisema. "Wanataka maneno yako wewe."

"Maneno yangu unayajua," mzee akajibu kutoka ndani ya bati. "Nipe bisibisi ndogo."

Akampa. Angefanyaje?

Hii ilikuwa mara yake ya tatu kuomba. Tangazo lenyewe lilivutia: shahada mbili za uzamili za uhandisi wa vifaa tiba kwa mpigo, mwaka mmoja katika chuo cha hapa nchini, mwaka wa pili katika chuo cha ng'ambo, gharama zote juu yao, na ukimaliza unarudi nyumbani na vyeti viwili. Aliyeliandika alisahau tu kutaja kwamba vyuo viwili maana yake ni kero mbili. Mwaka wa kwanza chuo cha huku kilimwambia alete uthibitisho kwamba cha kule kimemkubali. Cha kule kikamwambia alete uthibitisho kwamba cha huku kimemkubali. Akapigwa danadana hivyo hivyo mpaka siku ya mwisho ikapita. Mwaka wa pili karatasi zote zilikuwa tayari, ila mfumo wa maombi wa mtandaoni ulitaka picha iwe ndogo. Akaipunguza. Mfumo ukasema bado kubwa. Akaipunguza tena, na tena, hadi uso wake ukawa doa, na mfumo ukamjibu kwamba hiyo siyo picha ya mtu. Alilia siku ile kwenye duka la intaneti, mbele za watu, na hakulia kwa huzuni. Alilia kwa hasira.

Mwaka huu kila kitu kilikuwa kimeingia, picha, vyeti, mihuri ya mwanasheria, na chini kabisa ya ukurasa ilibaki alama moja nyekundu: barua ya mkuu wa kazi. Na safari hii walisema wazi kwamba wanapokea watu kwa mara ya mwisho, ufadhili unaisha. Akikosa sasa, amekosa.

Usidhani alitaka vyeti vya kutundika ukutani. Sihaba alikuwa fundi sanifu wa vifaa tiba, na kazi yake hasa ilikuwa kufufua. Nyuma ya karakana palikuwa na kontena lililojaa mashine za msaada, zilizokuja na nia njema, plagi zisizoingia kwenye soketi zetu, na vitabu vya maelekezo vya lugha ambayo hakuna aliyeijua. Alikuwa anang'oa viungo vya hii anaipandikizia ile. Zilizomtesa kuliko zote ni mashine za kuwapasha joto watoto njiti. Umeme unakatika, ukirudi unarudi na hasira zake, na ubao wa ndani unaungua. Anabadilisha. Mvua inanyesha, umeme unakatika, ubao unaungua. Anabadilisha. Siku moja alisimama wodini akiwatazama watoto wawili waliolazwa ndani ya mashine moja, kwa sababu ya pili ilikuwa juu ya meza yake bila kipuri, akajua kwamba amechoka. Kufufua alikuwa anajua. Alitaka kujifunza kuunda mashine ambayo tangu inazaliwa inaujua umeme wa Mwanza.

Mkuu wa karakana, Jonathan Chenge, alikuwa mzee wa Kisukuma wa Busisi, ng'ambo ya ziwa, aliyekaribia kustaafu. Hakuna mtu pale hospitalini aliyemchukia, na hakuna aliyefanikiwa kumfanya aandike kitu. Tena alikuwa mchelewaji. Kwa miaka mingi alisingizia kivuko, na watu wakamwelewa, maana kivuko nacho kilikuwa na tabia zake. Daraja lilipofunguliwa wakasema haya, sasa tutaona. Wakaona: mzee alichelewa vile vile, na alipoulizwa akasema alisimama kidogo kutazama maji.

Karakana aliiendesha kwa sheria mbili tu. Ya kwanza, mlango haufungwi mchana, kwa sababu muuguzi anayeleta mashine mbovu anakuja mikono imejaa. Kwa hiyo mlango ulizuiwa na transfoma ya eksirei ya zamani, nzito kama ng'ombe aliyegoma, na hakuna aliyewahi kuiona ikisogezwa. Ya pili, kazi haitoki mezani bila yeye kuikagua. Yeremia, fundi mwenzake Sihaba, angeleta ubao aliolehemu. Mzee anavaa miwani, anachukua kioo chake cha kukuzia, anapita kiungo baada ya kiungo, anaguna. "Hapa umepakua ugali," anasema, na Yeremia anarudi kulehemu upya.

Sihaba naye alikaguliwa hivyo hivyo wiki za mwanzo alipoajiriwa. Kisha siku moja mzee akaacha. Sihaba alileta ubao, akausogeza mbele yake, akasubiri. Mzee hakuinua hata kichwa. Akapunga mkono tu: peleka. Ikawa hivyo kesho yake, na mwaka uliofuata, na mpaka leo. Yeremia anakaguliwa, wanafunzi wa mafunzo wanakaguliwa, yeye anapungiwa mkono. Hakuuliza. Alijua maana yake: mzee alikuwa amemkatia tamaa, na kwa fundi uliyemkatia tamaa hupotezi kioo. Jambo hilo lilimuuma kila siku, kidogo kidogo, mpaka akalizoea.

Sasa ndiye huyo wa kumwandikia sifa.

Kujipigia debe halikuwa jambo la nyumbani kwao. Mama yake, Bi Nusrat, alikuwa akishona sare za shule kwenye kibaraza chao Mirongo, na katika nyumba yake mtoto hakujisifu. Sihaba aliwahi kurudi na ripoti ya shule, akasema, "Mama, nimekuwa wa kwanza." Mama akamjibu, "Nimeona. Vyombo viko nje." Siyo kwamba hakufurahi. Ripoti ile aliikunja vizuri akaiweka kabatini pamoja na hati ya nyumba. Ila kwake yeye, mambo yako husemwa na watu wengine. Ukianza kuyasema mwenyewe, umeaibisha waliokulea.

Basi mfikirie Sihaba Jumamosi mchana, laptopu juu ya meza ya kukatia vitambaa, akijaribu kuwa Mzee Chenge anayemsifu Sihaba. Aliandika kwa Kiingereza, akafuta, akaandika, akafuta. Akajikaza, akamsomea mama yake kwa Kiswahili.

"'Sihaba ni fundi hodari kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi.'"

Cherehani ikasimama.

"Nani anasema?"

"Mzee Chenge."

"Kasema lini?"

"Bado hajasema, mama. Atasaini."

Bi Nusrat akatoa pini mdomoni. Akauliza kama mzee wa watu ataisoma barua hiyo. Sihaba akasema bila shaka ataisoma, mtu hasaini asichokisoma. Basi mama akamwambia awe na haya: mzee akikuta hilo "kuliko wote" atajiuliza huyu ni mtoto wa nani, katoka nyumba gani. Punguza hapo. Sihaba akapunguza, ikawa "hodari sana". Mama akasema bado. Ikawa "hodari". Hilo nalo wakalitazama wote wawili kwa muda, kisha likatoka. Habari za mashine za watoto njiti zikatoka kabisa, maana zilisikika kama majigambo. Adhana ya alasiri ilipolia, barua ilikuwa inasema kwamba Sihaba Muharami ni mfanyakazi anayejitahidi, anawahi kazini, na anawaheshimu wakubwa wake.

Mama aliridhika nayo. Sihaba mwenyewe aliiona nyembamba. Lakini kila alipotaka kuinenepesha alimwona mzee akiisoma na kile kioo chake, neno kwa neno, akiguna, na uso ukamwaka. Akaiacha hivyo.

Jumatatu mzee aliisaini juu ya mfuniko wa mashine ya kuchemshia vyombo vya upasuaji. Hakuvaa miwani. Hakusoma hata jina la chuo. Alisaini kama anavyosaini kila kitu, akarudisha kalamu, akauliza kama kuna chai. Sihaba alitamani kuing'ata ile barua.

Halafu haikuwa mwisho. Mfumo ulitaka barua itoke kwenye barua pepe ya kazi ya mzee mwenyewe. Alikuwa nayo, alifunguliwa na mtaalamu wa kompyuta aliyeitwa Antoni, na hajawahi kuigusa. Neno la siri alilijua Antoni peke yake, na Antoni alikuwa amehamishiwa Magu. Asubuhi simu yake haikupatikana. Mchana iliita bila kupokelewa. Jioni akapokea mkewe, akasema baba yuko kwenye mpunga. Alipopatikana siku ya pili akacheka sana, akasema neno la siri ni jina la hospitali na mwaka. Mwaka gani? Hakumbuki. Wakajaribu miaka. Ulipokubali mmoja, Sihaba aliliandika neno lile kwenye kipande cha plasta ya vidonda, akakibandika juu ya kompyuta ya karakana, ili asije akamtafuta tena Antoni maishani mwake.

Kisha yeye mwenyewe, kwa vidole vyake, kwa jina la mzee, akaituma barua. Palikuwa na kisanduku cha kuweka alama, kinachothibitisha kwamba mwombaji hajaiona barua hii. Mkono ulisita hapo. Lakini alikuwa amechoka, na kila mtu anafanya hivyo. Akabonyeza.

Walimwita kwenye usaili.

Hakuamini mpaka alipoisoma barua pepe yao mara ya pili. Usaili ungekuwa wa mtandaoni, asubuhi, na aliamua kuufanyia karakanani, kwa sababu laini ya umeme ya pale imeunganishwa na jenereta ya chumba cha upasuaji. Alimtuma Yeremia wodini, akafuta meza, akavaa hijabu yake ya kijani aliyovalia mahafali. Mzee hakuwepo, bila shaka alikuwa anatazama maji. Aliingia usaili ukiwa katikati, akapita kimyakimya kwa kadiri mtu wa viatu vile anavyoweza, akaketi kwenye meza yake huko nyuma na kuwasha chuma cha kulehemu.

Kwenye skrini walikuwa wawili: profesa mzungu wa chuo cha ng'ambo, na Dakta Selina wa chuo cha hapa. Mambo yalikwenda vizuri kuliko Sihaba alivyothubutu kuomba. Walimuuliza kuhusu umeme, akasahau kuogopa. Akachukua ubao ulioungua akauweka mbele ya kamera, akawaonyesha hitilafu inapoanzia, akawaambia nini angekibadilisha kama angeruhusiwa kuunda mashine upya. Profesa aliandika mfululizo. Mtandao haukukatika. Umeme haukukatika. Sihaba alianza kuogopa kwa jinsi mambo yalivyonyooka.

Ndipo Dakta Selina akageuza karatasi. Alisema kuna jambo linawatatiza. Mtu waliyemsikia asubuhi hii na mtu aliye kwenye barua ya mkuu wake hawafanani hata kidogo. Waombaji wengine wote, wakubwa wao wanaapa kwamba hajapata kutokea mfano wao. Wa kwake anasema anajitahidi na anawahi kazini. Alisema kwa upole, lakini alisema: bosi anayeandika hivyo mara nyingi anajaribu kuwaonya kwa adabu. Je, kuna tatizo kati yenu?

Huko nyuma chuma cha kulehemu kiliwekwa chini. Sihaba alijua mzee anasikia, na Kiingereza alikuwa anakijua vizuri kuliko alivyokubali. Njia ya kutokea ilikuwepo. Angesema mkuu wake ni mkali, mtu wa zamani, hasifu mtu. Wangemwelewa, pengine wangemchukua. Na mzee angekaa pale akisikia anavyofanywa mchoyo wa maneno kwa barua ambayo hata hakuiandika. Tena, tuseme ukweli, siyo huruma tu iliyomfungua mdomo. Picha ile, mihuri, Antoni, plasta, danadana ya miaka yote hiyo, vyote vilimpanda kooni kwa pamoja.

"Barua hiyo niliiandika mimi," alisema, na hakutambua kwamba alikuwa anasema Kiswahili. "Hapa kila mtu anaandika yake, mkubwa anasaini. Nikajisifu mpaka pale mama yangu aliponiruhusu."

Profesa akauliza amesema nini. Dakta Selina aliinamisha uso, na mabega yake yakatikisika kidogo, kama mtu aliyewahi kukaa kwenye ofisi za namna hiyo. Alipouinua hakuwa anacheka. Akamweleza mwenzake, akachukua muda, na uso wa profesa ukazidi kukunjamana. Kisha Dakta Selina akauliza kama mzee yupo karibu.

Mzee Chenge akaja, akainama mbele ya kamera, karibu mno, mpaka kwenye skrini yakaonekana miwani na paji la uso tu.

"Shikamoo, Mzee," Dakta Selina akamwamkia.

"Marahaba, mama. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Hii barua ya Sihaba, uliisoma kabla ya kusaini?"

"Sikuisoma."

"Kwa nini, Mzee?"

Mzee alionekana kutolielewa swali. Akamgeukia Sihaba, kana kwamba yeye ndiye wa kumsaidia, kisha akairudia kamera.

"Kazi ya huyu huwa siikagui," akasema. "Nilikagua alipokuja, zile siku za mwanzo. Nikaona napoteza muda wangu. Haijawahi kurudi."

Sihaba alitazama meza ya mzee, kioo cha kukuzia kikiwa pale pale kando ya kikombe cha chai, na mkono ule unaopunga, peleka, peleka, miaka yote ile, ukampitia kichwani. Alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Na palepale, juu ya furaha, hasira ikapanda: si angesema? Mdomo anao. Si angesema tu?

Wale wawili wakazima sauti, wakawa wanazungumza midomo tupu. Profesa alitikisa kichwa mara nyingi. Waliporudi, Dakta Selina alizungumza kwa sauti ya kazini. Barua ile imefutwa. Kisanduku kile hakikuwekwa kwa urembo, na mwenzake alitaka kumwondoa Sihaba papo hapo. Lakini mfumo utakuwa wazi hadi kesho saa kumi jioni. Mkuu wake aandike barua yake mwenyewe, aitume mwenyewe. Isipofika, basi. Ikifika na mkono wa Sihaba ndani yake, basi. Na hata ikifika sawasawa, hawaahidi kitu. Kisha akahamia kwenye Kiswahili.

"Mzee, andika wewe. Ukurasa mzima. Na yeye asiione."

"Ukurasa mzima," mzee akarudia, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa aogelee mpaka Ukerewe.

Skrini ikazima. Sihaba akaifunga laptopu polepole, maana angeifunga kwa haraka angeivunja.

"Mzee, ungeniambia."

"Nikuambie nini?"

"Kwamba hukagui kwa sababu kazi ni nzuri. Mimi nilijua umenikatia tamaa."

Mzee Chenge akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena ikiwa chafu zaidi.

"Ningekukatia tamaa ningekukagua," alisema, na kwake mambo yalikuwa yameisha hapo. Akarudi kwenye meza yake. Akashika chuma cha kulehemu, akakiweka tena. Akakohoa. "Sasa huo ukurasa, mwanangu. Si ungenianzishia tu? Mstari mmoja wa mwanzo."

Sihaba alitoka nje kabla hajamkosea adabu mtu mzima.

Nyumbani alimhadithia mama yake yote, hakuficha hata kisanduku. Bi Nusrat alikuwa anafumua pindo la sketi ya shule na hakuacha kufumua. Alisikiliza mpaka mwisho, mpaka pale mzee aliposema haijawahi kurudi. Hapo mkono ukasimama kidogo.

"Kwa hiyo lile 'kuliko wote'," akasema, "tungeliacha."

"Ndiyo, mama," Sihaba akajibu huku ameuma meno. "Tungeliacha."

Mama akafumua nyuzi nyingine chache. Baadaye, akiwa amempa mgongo, akasema chakula chake kiko jikoni na amemwekea kipande cha sato cha kichwani, kile ambacho huwa anakila mwenyewe.

Asubuhi Sihaba alikwenda kazini akihesabu visingizio ambavyo mzee angeweza kuja navyo. Daraja. Maji. Pikipiki imezimika Kigongo. Alipopita geti akaona kuna kitu hakijakaa sawa pale karakanani, na ilimchukua muda kujua ni nini. Mlango ulikuwa umefungwa. Transfoma ya eksirei ilikuwa nje, juani, na kutoka kizingitini hadi pale ilipokaa palikuwa na mchubuko mweupe kwenye sakafu ya saruji.

Yeremia alikuwa amesimama kando, anasugua kiuno. Alisema mzee alikuja kabla ya wafagizi. Alikusanya walinzi na mpishi, wakaisukuma ile transfoma, akaingia, akafunga kwa komeo. Tangu hapo ametokeza kichwa mara moja tu, kuuliza herufi kubwa zinapatikanaje.

Sihaba akabaki hapo hapo. Kazi ilikuwa inaendelea, hospitali haisubiri barua ya mtu. Yeremia akachukua begi la vifaa akaenda chumba cha upasuaji. Wanawake wa kufua mashuka wakapita, wakautazama mlango, wakaulizana nani amefariki. Jua likapanda. Kutoka ndani ilisikika sauti ya kitufe kimoja cha kompyuta. Kimya. Kitufe kingine. Mtu angeweza kunywa chai katikati ya herufi mbili. Ilifika wakati Sihaba akawa anaumwa na kichwa kabisa, na kila alipojiambia asisikilize, alisikiliza.

Adhuhuri ilipokaribia, sauti ikaita kutoka ndani.

"Sihaba!"

"Abee, Mzee."

"Ile mashine ya watoto, ile ambayo wote tuliikataa, ukakaa nayo Idi nzima. Ilikuwa mwaka gani?"

Alikumbuka vizuri. Mwaka, mwezi, hata mvua iliyokuwa inanyesha. Alifungua mdomo, akafumba.

"Siruhusiwi kukusaidia, Mzee."

Ndani kiti kilisikika kikisogezwa.

"Haya," mlango ukasema. "Nitaandika ilikuwa Idi."

Saa nane umeme ulikatika. Jenereta ikanguruma, na kwa muda hakukusikika kitufe chochote, na Sihaba akasimama, mkono umeinuliwa kugonga. Kama barua imepotea. Kama hakujua kuihifadhi. Angeweza kumwambia kwa maneno machache tu abonyeze wapi. Aliushusha mkono. Alimchukia mzee yule kwa dakika nzima, kwa dhati, kama unavyomchukia mtu wa nyumbani. Kisha kitufe kikasikika. Kikafuatia kingine.

Ndipo akaja Modesta, muuguzi wa wodi ya watoto, amekumbatia mashine ya kufyonzea makohozi, waya unaburuzika. Alikuja kinyumenyume kama wanavyokuja wote, akausukuma mlango kwa nyonga. Mlango haukwenda. Akausukuma tena, akageuka, akautazama kwa mshangao wa mtu aliyefungiwa kwao.

"Kuna nini humu?"

"Mzee anaandika," Sihaba akamjibu.

"Anaandika nini?"

Sihaba alinyoosha mikono, akaipokea mashine, akaketi nayo juu ya ile transfoma. Ilikuwa na joto la jua na ilimtosha vizuri, kama kigoda. Modesta akasema anaihitaji kabla ya zamu kubadilishana, akaondoka huku bado anageuka kuutazama mlango. Sihaba akatoa bisibisi mfukoni, akafungua mfuniko. Waya mmoja ulikuwa umeachia. Akaazima chuma cha kulehemu kwenye begi la Yeremia, akaenda kuomba umeme dirishani kwa watu wa maabara, akalehemu pale pale barazani, akajaribu mashine, ikavuta. Kazi ndogo.

Akafunga mfuniko, akainuka, akaenda nayo mpaka mlangoni ili apungiwe mkono. Alikuwa ameshafika ndipo akakumbuka kwamba leo hakuna wa kumpungia.

Saa tisa ilikuwa imeshapita. Kule chini ziwa lilikuwa linametameta kati ya mawe, na upepo wake ulikuwa unapanda hadi hospitalini na harufu ya dagaa wanaoanikwa. Sihaba akarudi kwenye transfoma, akaketi, akaipakata mashine. Akaufungua tena mfuniko aliokwisha kuufunga. Akaugeuzia ubao upande wa mwanga, akainama karibu, akaanza kupita kiungo baada ya kiungo, bila haraka.

Ndani, kitufe kilibonyezwa. Kimya. Kikabonyezwa kingine.